Tuzo Yangu Niliipata Ipagala

Ukitaka kumjua mwandishi vizuri usimuulize ameandika nini. Muulize ni siku gani alijisikia kwamba kweli kazi yake imeonekana. Atatabasamu kwanza, atatazama pembeni kidogo kama mtu anayeulizwa habari za mchumba wake wa zamani, halafu atakupa hadithi.

Wapo wenye hadithi nzito. Profesa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopigiwa simu Oktoba 7, 2021 kuambiwa ameshinda Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, alikuwa jikoni kwake Uingereza na alidhani kuna mtu anamfanyia utani. Hapa nyumbani nako, tangu 2023 kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na waandishi wetu wanapanda jukwaani wamependeza, kamera zinawamulika, familia zinapiga vigelegele. Raha iliyoje!

Mimi sina Nobeli, na hilo jukwaa la Mwalimu nimelitazama kwenye televisheni kama wewe. Lakini siku yangu ninayo. Haikuwa na kapeti jekundu wala gauni la kuburuza. Ilikuwa na turubai, viti vya plastiki vya kukodi, upepo wa Agosti na mashine ya fotokopi inayokwamisha karatasi kila baada ya nakala tano. Ilitokea Ipagala, Dodoma. Ngoja nikupeleke.

Mji uliomfuata mkulima shambani

Ipagala ni kata iliyoko upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma, ukishika barabara kuu ya kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Jirani yake ni Nzuguni, penye viwanja vya Nanenane na stendi kuu ya mabasi. Kwa hiyo ukija na basi, bajaji moja tu inakumaliza. Mimi siku hiyo, Agosti 2024, nilikuja na treni ya SGR, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kubeba abiria mpaka Dodoma. Zaidi ya kilomita 400 unazimaliza kwa saa chache, hata vumbi la viatu halijashika. Zamani safari hiyo kwa basi ilikula siku nzima.

Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya kuhesabu. Inaanza Desemba, inakwisha Aprili, basi. Agosti ni wakati wa ukavu na upepo. Asubuhi unavaa sweta, mchana unatafuta kivuli, jioni unatafuta tena lile sweta. Mibuyu imesimama haina jani hata moja, na midomo inakauka mpaka ukicheka inauma. Wenyeji wakiona mgeni kutoka Pwani analamba midomo, wanachekea pembeni.

Ipagala ya leo ni ya nyumba za vigae vya rangi, magari ya watumishi, saluni, maduka ya vifaa vya ujenzi na watoto wanaopanda basi la shule saa kumi na mbili asubuhi. Si unajua tena, serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, kila mwenye akiba alitafuta kiwanja. Lakini uamuzi wenyewe wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa mwaka 1973. Wazee wa Kigogo wa Ipagala wanakumbuka mashamba ya uwele na mtama, na nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo, pale ambapo leo kuna geti la umeme. Wengi wao hawakuhamia mjini. Mji ndio uliwafuata shambani.

Mmoja wa hao waliofuatwa na mji ni familia ya mume wangu. Ndiyo, Ipagala ni ukweni.

"Hivi mwanangu, kazi yako hasa ni ipi?"

Wasomaji walioolewa watanielewa. Kuna swali ambalo mama mkwe akikuuliza mwaka wa kwanza unalijibu kwa furaha, mwaka wa tano unalijibu kwa upole, mwaka wa nane unajifanya hukusikia. Langu lilikuwa hilo hapo juu.

Si kwamba Mama hanipendi. Ananipenda sana. Nikifika ananipikia ugali wa uwele na mlenda, na nikiondoka ananifungia ubuyu na karanga kama vile Dar hakuna chakula. Ila hakuelewa. Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, nikawa mhariri wa gazeti. Ukimwambia mtu wewe ni daktari, anakuonyesha goti linalomsumbua. Ukimwambia mwalimu, anakuletea mtoto. Mhariri je? Mhariri ni mtu anayekaa na maandishi ya wenzake, anatoa neno hapa, anarudisha pale, mpaka usiku. Kazi ikitoka vizuri anasifiwa aliyeandika, na jina la mhariri liko kule kurasa za mwanzo kwa herufi za sisimizi.

Kwa majirani Mama alinitambulisha hivi: "Huyu mkamwana wangu, yuko ofisini huko Dar." Ofisi gani, Mungu anajua. Wifi yangu mmoja alidhani napiga picha za maharusi. Na yale magazeti niliyokuwa nampelekea Mama kila safari, yale ya karatasi za kung'aa, siku moja niliyakuta yamefunika madaftari ya wajukuu. Makala niliyoitolea jasho wiki mbili, kuhusu wanandoa wanaoficha mishahara, ilikuwa jalada la daftari la Hisabati darasa la nne. Nilicheka sana, maana kusema kweli lilikuwa limefunikwa kwa ustadi.

Lakini usiku kitandani nilimwambia mume wangu, "Mwenzio natamani Mama ajue ninachofanya." Akanijibu kama wanaume wanavyojibu: "Anajua bwana. Lala."

Wasifu wa Mjomba

Agosti ile tulikwenda msibani. Alifariki Mjomba, kaka mkubwa wa Mama. Tulifika jioni, turubai limeshafungwa, kina mama wamekaa kwenye mikeka, wanaume nje wameota moto, na meza ndogo ina daftari la rambirambi. "Mbukwenyi," nikasalimia Kigogo changu cha kuombea maji. Wakaitikia, wakanisogezea nafasi.

Kama umewahi kufiwa, unajua kwamba kila msiba wetu una karatasi moja muhimu, nayo ni wasifu wa marehemu. Husomwa kabla ya kwenda kuzika, watu wote wamesimama. Na unajua pia namna inavyokuwa. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akaugua, ameacha mjane na watoto kadhaa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Yaani ukibadilisha majina, wasifu mmoja unazika kata nzima.

Saa tatu usiku Mama aliniita jikoni. Macho yamevimba, sauti imekauka. Akaniambia, "Vijana wamechoka na mipango ya kaburi. Wewe si unakaa na makaratasi? Niandikie ya kaka yangu." Kisha, kana kwamba ameniongezea kijiko cha chumvi tu, akasema, "Lakini awe yeye. Asiwe mtu mwingine."

Awe yeye! Nimefundishwa na maprofesa, nimekaa semina za hoteli zenye kiyoyozi, lakini hakuna aliyewahi kunieleza kazi ya mwandishi kwa maneno machache namna hiyo.

Basi bwana, nikachukua daftari la shule la mjukuu, nikakaa na mabibi kwenye mkeka. Sikuuliza amezaliwa lini, hayo yako kwenye vyeti. Niliuliza alikuwa akichekeshwa na nini. Niliuliza akikasirika alifanyaje. Kwanza wakanitazama, huyu naye vipi? Halafu mmoja akaanza, mwingine akamsahihisha, wa tatu akacheka mpaka akajifunika khanga. Kumbe Mjomba alikuwa na shamba la zabibu, na kila msimu, maana zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kichane cha kwanza hakukiuza wala hakukila. Alimpelekea dada yake, ambaye ndiye Mama huyu huyu. Miaka zaidi ya thelathini! Na kumbe alikuwa na toroli. Wakati Ipagala inaanza kujengwa, wakati wageni wanahangaika kubeba mawe na mchanga, toroli la Mjomba lilizunguka nyumba kwa nyumba, halilipiwi. Sharti lilikuwa moja, ulirudishe limeoshwa.

Niliandika mpaka saa nane usiku kwa mwanga wa simu. Kurasa mbili. Nikaziacha mezani, nikalala na nguo zangu.

Fotokopi arobaini

Kesho yake alisoma kijana mmoja wa ukoo mwenye sauti nzuri. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na kina mama, nimejifunga khanga kiunoni, mikono inanuka vitunguu. Akasoma kuzaliwa, akasoma shule. Watu wametulia kama ilivyo ada. Alipofika kwenye kichane cha zabibu nikasikia kitu kama upepo, kumbe ni watu wanavuta pumzi. Alipofika kwenye toroli, na sentensi inayosema kwamba toroli la Mzee huyu limejenga nyumba nyingi za Ipagala kuliko fundi yeyote, mtu mmoja mbele akasema kwa sauti, "Kweli kabisa!" Mwingine akasema, "Hata yangu!" Kisha wakacheka. Msibani! Wakacheka huku wanafuta machozi, na mchungaji naye akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

Hakuna aliyetaja jina langu, kwani wasifu hauna mwandishi. Wala sikutaka, maana siku ile ilikuwa ya Mjomba.

Tulipotoka makaburini, mzee mmoja nisiyemjua alimwendea Mama akamwomba ile karatasi. Mama akamwambia hiyo ni moja tu. Akaja mwingine, halafu majirani wawili, halafu mwenyekiti wa mtaa. Mama akaniita mbele ya watu wote, akafungua pindo la khanga, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne.

"Nenda kwenye stationari pale barabarani," akasema. "Toa fotokopi arobaini."

Msomaji, nilisimama kwenye kile kibanda nikiangalia mashine inameza na kutema kurasa zangu. Kila ikikwama, kijana wa duka anafungua mlango wake, anavuta karatasi, anaipiga kibao, inaendelea. Nakala ya kumi hivi akaanza kuisoma. Ya kumi na tano akaacha kuhesabu. Akaniuliza, "Dada, huyu mzee wa toroli ni yule wa pale kwenye mbuyu?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Nyumba yetu pia." Halafu: "Nani kaandika?"

Nikamjibu, "Familia."

Hiyo ndiyo siku yangu. Nimeshasimama ukumbini nikapigiwa makofi, nikapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Kiko kabatini. Lakini aliyenipigia makofi ukumbini alikuwa na sababu ya kunipendeza, ananifahamu, au kesho anataka makala yake itoke. Wale wazee wa Ipagala hawakuwa na haja na mimi. Walitaka karatasi.

Na Mama? Mama hakunipongeza. Alichukua ile ya asili, yenye mwandiko wangu na doa la chai, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Madaftari hayakuiona.

Mtoto wa Ihumwa

Siku ya tatu, watu wamepungua, tulikuwa tunachambua mchele na Mama. Nikamuuliza kama alikuwa anapenda kusoma alipokuwa mdogo. Akasema kusoma si sana, ila ngonjera! Mwaka 1972, akiwa darasa la tatu, walipangwa mistari miwili, upande mmoja wajinga wa jambo, upande wa pili wajuzi, wakajibizana kwa mashairi mbele ya mgeni rasmi. Yeye alikuwa mjinga namba mbili. Na pale pale, ungo mapajani, akanighania beti zake zote. Zaidi ya miaka 50 na hakukosa neno!

Nikamuuliza, "Mama, unajua nani alizianzisha?" Akanitazama kama ameulizwa jina la baba yake. "Si Mnyampala. Mtoto wa Ihumwa hapo."

Hapo ni hapo kweli. Ukitoka Ipagala kuelekea mashariki kwa barabara ile ile, unapita Nzuguni, mbele yake ni Ihumwa, na zaidi kidogo ni Mji wa Serikali wa Mtumba. Mathias Mnyampala alizaliwa pande hizo mwaka 1917. Mgogo, mtumishi wa serikali, hakimu, mshairi. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, ambacho mwaka 1995 kilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani kwa tafsiri ya mwanahistoria Gregory Maddox. Alikuwa pia mmoja wa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulifikisha kwa wananchi, na Mnyampala akaja na ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo mtoto anaweza kuyaigiza akiwa amesimama juani bila kitabu.

Sasa sikia hili. Mnyampala alifariki Juni 1969. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kikatoka 1970. Hakukishika mkononi. Hakumwona mjinga namba mbili wa Ipagala akijifunza beti zake kwa moyo. Tunaongea habari za mwandishi kutambuliwa. Huyu alitambuliwa na mamilioni ya watoto, mwenyewe ameshalala.

Nilipanda bodaboda kwenda Ihumwa kupaona tu. Njiani nikamuuliza kijana kama shuleni aliwahi kughani ngonjera. Akacheka, akasema mahafali ya darasa la saba alikuwa mstari wa mbele. Na nani alizianzisha? "Walimu," akajibu bila wasiwasi. Nikamwambia mwanzilishi wake anatajwa kuwa ni mtu wa hapa hapa Ihumwa, anaitwa Mathias Mnyampala. Akapunguza mwendo. "Hapa hapa?" Akageuka kuangalia mibuyu na mabati yanayong'aa kama vile ndiyo kwanza anayaona. Mpaka tunaagana alikuwa bado analirudia lile jina asilisahau.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku hiyo. Aliyeandika anaweza kuridhika bila jina. Mimi niliridhika pale kwenye kibanda, na nilisema "familia" kwa moyo mweupe. Lakini kuridhika kwake hakuwapi wengine ruhusa ya kumsahau. Mwenye kazi akinyamaza ni unyenyekevu. Sisi tunaoitumia tukinyamaza ni kitu kingine.

Ukienda

Ipagala si mahali pa kitalii, usitegemee hoteli ya ufukweni. Nenda Agosti au Septemba kama unataka zabibu na hujali upepo, au Februari na Machi ukitaka zabibu na majani mabichi. Beba mafuta ya kupaka midomo, sweta, na chupa ya maji. Ukipewa mlenda usiulize unaliwaje, tazama wenzako. Salamu ni "Mbukwenyi", na ukiitamka vibaya utasahihishwa kwa upendo.

Kama huko ni ukweni kwako pia, au hata kama ukweni kwako ni Songea au Bukoba, kaa na wazee kwenye mkeka kabla turubai halijafungwa. Waulize wanachekeshwa na nini, andika, wasomee wenyewe wasikie. Mimi mwezi uliopita nilimsomea Mama wa kwake, kurasa tatu. Alinikatiza mara mbili kunisahihisha tarehe na mara moja kusema hilo la mchumba wake wa kwanza nilitoe.

Na ukipita Ihumwa, muulize dereva wako kuhusu Mnyampala. Akisema hamjui, mwambie.